Mjomba, ile karatasi ya kwenye pochi

Shikamoo Mjomba. Jina lako sitalitaja. Naandika hadharani kwa sababu najua hapa Nairobi hauko peke yako.

Jumapili ulipotafuta kitambulisho, karatasi ilianguka nikaiokota. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Majibu ya kipimo: homa ya ini aina ya C, na alama ya kujumlisha. Ukasema, "Waliniambia nikijisikia vibaya nirudi. Sijisikii vibaya." Kisha ukabeba mtungi wa gesi hadi orofa ya tatu.

Aliyekuambia hivyo alikukosea, na bado nina hasira naye. Ugonjwa huu hausubiri mtu aumwe. Virusi huzaana ndani ya ini miaka 20, hata 30, na mwenyewe anakula, analala, anaenda kazini. Hata vipimo vya kawaida vya ini vinaweza kutoka sawa. Macho yakigeuka manjano na tumbo likijaa maji, mara nyingi ini limeshajaa makovu.

Huenda ilitokana na ile ajali ya matatu ya 1986, ulipoongezewa damu. Wakati huo hakuna daktari popote duniani ambaye angeweza kuipima damu ile. Kirusi chenyewe kilitambuliwa 1989. Basi aibu ya nini? Na hata ingekuwa sindano au wembe, bado nisingeona aibu.

Lakini karatasi hiyo haijasema yote. Kipimo cha kwanza huonyesha kingamwili, kinga ambayo mwili huitengeneza kupambana na virusi, yaani nyayo tu kwamba viliwahi kupita. Kwa watu kama 3 kati ya 10, mwili huvifukuza virusi wenyewe ndani ya miezi 6, nyayo zikabaki. Unahitaji kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Vikipatikana, kuna vidonge, mara nyingi vya wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Kupona kabisa, Mjomba, si kutuliza kama dawa za presha.

Halafu kile kikombe cha bluu unachokificha juu ya kabati, watoto wasikiguse. Nilikiona. Kumbe unaogopa, na umeogopa peke yako muda wote huu. Kirudishe na vingine; ugonjwa huu hupita kwenye damu, si kwenye chai. Usichangie na mtu vitu vinavyoweza kugusa damu, kama wembe na mswaki.

Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Nitakupitia saa moja asubuhi, twende pamoja. Ibebe ile karatasi.