Mifuko mbadala ipimwe kwa mizani, si kwa macho

Mhariri,

Tangu rambo, ile mifuko myepesi ya plastiki, zilipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, wengi huuita mfuko mbadala "mfuko wa kitambaa". Si kitambaa. Ni nyuzi za polipropilini zilizoyeyushwa na kugandamizwa kwa joto. Utazame kwa karibu, utaona vidoti vilivyobonyea, wala hakuna uzi uliosukwa na mwenzake. Kata kipande ukiwashe: pamba huacha majivu, huu huyeyuka na kudondosha matone kama mshumaa. Ni plastiki iliyoruhusiwa kwa sharti la kudumu.

Sharti lenyewe ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na hapo ndipo panapochezewa. Malighafi ya gramu 70 hutoa mifuko 59 hivi kwa kilo moja, ile ya sentimita 30 kwa 40. Ukishusha hadi gramu 40, kilo hiyohiyo inatoa zaidi ya 100. Dukani yote inafanana.

Kuipima hakuhitaji maabara. Mfuko bapa wa kipimo hicho una pande mbili, jumla mita ya mraba 0.24. Zidisha kwa 70: gramu 16.8, kabla ya mikono na pindo. Mizani ya sokoni haisomi uzito mdogo hivyo, basi pima mifuko 100 kwa pamoja. Isipofika kilo 1.7, umepunjwa. Wenye mkunjo wa ubavuni, ongeza eneo la mkunjo kwenye hesabu.

Mfuko mwepesi huanza kuharibika pale mkono unapoungana na mdomo: viazi kilo tatu tu, unachomoka. Ukitupwa, jua huunyausha hadi ukashikwa unavunjika vipandevipande, na vipande hivyo havizoleki tena mferejini. Rambo, pamoja na ubaya wake wote, mara nyingi ilizolewa ikiwa nzima.

Wakaguzi wa NEMC (baraza la mazingira) na TBS (shirika la viwango) waende na rula na mizani, tena waanzie kwenye maghala ya jumla. Muuza nyanya anauziwa bunda lililofungwa. Kumbana yeye ni kumwonea. Na mfuko usio na jina la mtengenezaji usipokelewe hata ukiwa mzito, maana ukichanika hakuna wa kuulizwa.

Msomaji,
Dar es Salaam