Mhariri, matumbawe nayo ni wanyama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikosesha raha tangu wiki iliyopita. Mjukuu wangu wa darasa la tano alirudi nyumbani na daftari la sayansi, uso umemshuka. Swali lilisema: "Taja wanyama watano." Yeye kaandika ng'ombe, mbuzi, kuku, nyuki na pweza. Kapata mbili. Pembeni kuna maandishi ya wino mwekundu: "Kuku ni ndege, nyuki ni mdudu, pweza ni samaki."

Nimefundisha sayansi katika shule za msingi hapa Tanga kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Siandiki ili nimseme mwalimu huyo. Najua ilivyo kusahihisha madaftari tisini usiku, macho yanafumba na kesho asubuhi yanatakiwa. Najua pia kosa lenyewe linatoka wapi: linatoka katika mazungumzo yetu ya kila siku. Nyumbani tukisema "mnyama" tuna maana ya mwenye miguu minne na manyoya. Lakini kwa elimu ya wanyama, mtoto kapata tano kwa tano. Mnyama ni kiumbe mwenye mwili wa seli nyingi, asiyeweza kujipikia chakula kwa mwanga wa jua kama mmea, kwa hiyo lazima ale. Kuku ni mnyama, na kundi lake ni ndege. Nyuki ni mnyama, na kundi lake ni wadudu.

Pweza ndiye aliyeniuma zaidi, maana sisi ni watu wa pwani. Mama zetu wamemchokoa pweza miambani tangu hatujazaliwa, tumempiga mchangani mpaka kalainika, tumemkata vipande. Nani alikuta mfupa ndani yake? Samaki ana uti wa mgongo; pweza hana mfupa hata mmoja. Ana mioyo mitatu, damu yake ina rangi ya bluu, na ndugu zake ni konokono, chaza na ngisi. Anayebisha na asafishe ngisi jikoni. Ukimvuta kichwa, ndani ya mwili utatoa kitu chembamba kinachong'aa kama kipande cha plastiki, na wengi hukitupa bila kukiangalia mara mbili. Hicho ni mabaki ya gamba. Mababu wa ngisi walikuwa na gamba kama la konokono, likapungua kizazi baada ya kizazi mpaka likabaki hicho kijikalamu. Somo zima la faila (kundi kubwa) ya moluska, wanyama wenye mwili laini kama konokono na pweza, liko kwenye sufuria, halafu mtoto anaandikiwa kwamba pweza ni samaki!

Katika Kiswahili cha sayansi, viumbe hupangwa kwa ngazi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Ngeli ni neno lile lile la somo la sarufi, nami nilikuwa naanzia hapo hapo darasani. Kiswahili chenyewe kimeshafanya kazi ya uainishaji. Kisu na kipepeo vyote vinaanza na "ki", lakini hatusemi kipepeo kinaruka. Tunasema kipepeo anaruka. Kiboko analala, konokono anatambaa, nyuki anauma. Wote wako A-WA pamoja na mtu. Waliotuachia lugha hii walimwona mnyama hata katika kiumbe mdogo sana. Ila kuna mahali lugha imetuachia pengo. Kila mwaka niliwapa wanafunzi kiti cha pweza (kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota) kilichokauka, nikasikiliza wanavyosema. Wote, bila kukosa: "Mwalimu, hiki kimekauka." Hakuna aliyesema "huyu". Hapo nilijua somo langu linaanzia wapi.

Nitaeleza siku moja ambayo sitaisahau. Ilikuwa mwaka 1996, asubuhi, wavuvi walivuta jarife pwani chini ya shule yetu wakakuta pomboo jike amenasa, amekufa. Niliwachukua watoto wa darasa la sita tukashuka. Mzee mmoja wa chombo, kofia mkononi, alisema kwa huzuni, "Maskini, huyu kafa maji." Watoto wakaduwaa. Kijana mmoja akauliza: anayeishi majini anakufaje maji?

Mhariri, swali hilo lilinitosha kwa muhula mzima. Nikawaonyesha tundu moja la pua juu ya kichwa, wakatia kidole mmoja mmoja. Hakuna matamvua ya kupumulia majini kama ya samaki, tukatafuta pande zote mbili hatukuyaona. Huyu anavuta hewa kama sisi, ana mapafu, na nyavu ikimshikilia chini asiweze kupanda juu, anakufa maji kama mimi na wewe. Mkia wake umelala, unapiga juu na chini. Mkia wa samaki kama changu umesimama, unapiga kushoto na kulia. Kisha yule mzee akamgeuza, akabonyeza taratibu karibu na mfereji mdogo tumboni, yakatoka maziwa. Meupe, mazito. Wasichana wawili walilia, maana walielewa kwamba kuna mtoto mahali huko baharini. Hapakuwa na haja ya mimi kueleza tena maana ya mamalia. Neno hilo lenyewe limetokana na neno la Kilatini la titi.

Hata wakubwa wa elimu hii walianza kwa kukosea. Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye ndiye aliyeweka utaratibu wa kila spishi kuwa na jina la maneno mawili, mwaka 1735 aliwaweka nyangumi katika kundi la samaki. Alipofika toleo la kumi la kitabu chake, mwaka 1758, aliwatoa huko akawaingiza katika mamalia. Katika toleo hilo hilo popo akamweka oda moja na nyani na binadamu, nalo likaja kurekebishwa na waliomfuata. Ninapenda watoto walijue hili. Makundi hupangwa kwa kuchunguza, na mtu akichunguza vizuri zaidi hupanga upya.

Na Tanga tuna mfano wetu. Silikanti, samaki wa kale, alijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, wataalamu wakaamini ametoweka pamoja na dinosauri, mpaka mwaka 1938 alipoletwa mmoja bandarini Afrika Kusini aliyekuwa hai muda mfupi kabla, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Wavuvi wetu wamemnasa hapa kwenye majarife, na tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari inayobeba jina lake. Mapezi yake yamekaa juu ya vishina vinene vyenye nyama na mifupa ndani, kama mikono iliyoanza kuota. Kwa ukoo, yuko karibu zaidi na ng'ombe na mimi kuliko alivyo karibu na changu au tasi. Ni watoto wangapi wa Tanga wanaolijua hilo?

Sasa nifike kwenye kinachonitia uchungu hasa. Vitabu hutumia kurasa nyingi kwa makundi matano ya wenye uti wa mgongo: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Lakini katika kila spishi 100 za wanyama zilizokwisha kupewa majina, zaidi ya 95 hazina uti wa mgongo. Hao tunawapita mbio. Ndiyo maana mtoto wa pwani anamaliza shule akiamini kwamba tumbawe ni jiwe. Tumbawe ni wanyama! Ni maelfu ya wanyama wadogo laini waliokaa pamoja, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake kuuzunguka, wako faila moja na konyeza anayewasha ngozi. Chokaa ile ngumu ni mifupa wanayoijenga chini yao, na wengi wao hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Nimeishi miaka ya kusikia baruti zikilipuka baharini, madirisha ya darasa yakitetemeka, na nimewasikia vijana niliowafundisha mwenyewe wakisema, "Mwalimu, tunapasua mawe tu, samaki watoke." Mawe. Hilo neno nilibeba lawama yake mimi, kwa sababu sikuwahi kuwapeleka kuyaona matumbawe yakila.

Kwa hiyo naomba walimu wenzangu wa pwani, kabla hamjawapa watoto orodha ya kukariri, wapelekeni sokoni asubuhi moja au ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Ndoo moja inatosha. Wa maziwa makuu wana furu na sangara, wa bara wana mchwa, jongoo na vinyonga. Hakuna shule isiyo na wanyama. Na mtoto akiandika nyuki, tafadhali mpeni alama yake.

Jumamosi iliyopita, siku ya bamvua, nilimchukua mjukuu wangu tukashuka miambani. Kwenye kidimbwi alikuta kiti cha pweza chekundu, akakiokota. "Bibi, hiki kigumu." Nikamwambia akigeuze, akishike ndani ya maji, asubiri. Alisubiri. Chini ya ile mikono mitano vikaanza kutokeza vimiguu vyembamba kama nyuzi, mamia, vinapapasa kiganja chake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, huyu anatembea."

Akamrudisha pale pale alipomtoa.

Mwalimu mstaafu,
Tanga