Ngoswe aachwe, uchambuzi ndio utoke

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji anayetaka vitabu teule vya Kiswahili vya sekondari vibadilishwe vyote, eti vimezeeka na wanafunzi wamevichoka. Kwa baadhi simbishii. Lakini akigusa Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya marehemu Edwin Semzaba kuhusu karani wa sensa anayempenda Mazoea, binti wa mzee Mitomingi, itabidi anisikilize kwanza, maana mimi nimeshaitwa Ngoswe mlangoni kwa watu.

Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa huko Kibosho. Jioni moja nimeingia kwenye kihamba cha mzee mmoja, kizibao mwilini, kishikwambi mkononi, nikampa shikamoo. Akaitikia, akanikagua juu hadi chini, akasema, "Watu wa humu utawahesabu wote, ila huyu binti mhesabie hapohapo kwenye benchi. Mimi ndiye Mitomingi, nakufahamu." Nyumba nzima ikaangua kicheko, binti akakimbilia jikoni. Nikamwambia, "Mzee, mimi nina mke na watoto." Akasema hata Ngoswe hakuja ametangaza. Halafu akakigonga kishikwambi kwa kidole: "Afadhali hiki. Karatasi mwenzangu alizitia moto."

Mzee yule sekondari hakufika. Tukiendelea na dodoso akanieleza kwamba kitabu kilikuja na mwanawe wa kwanza alipokuwa kidato cha tatu. Kijana alisoma kwa sauti usiku, mama yake akimrudisha nyuma kila karani anapoanza kumzoea Mazoea, apate kumsonya vizuri.

Sasa nina kibanda cha kutoa kopi Moshi mjini, na wateja wangu wakubwa ni wanafunzi. Kitabu hawaleti. Wanaleta uchambuzi, kopi ya kopi ya kopi: dhamira, ujumbe, migogoro, vyote vimepangwa tayari kwa kumezwa. Majuzi binti wa kidato cha nne kaniletea karatasi iliyoliwa pembeni, jina limebaki "Ngengemkeni Mito". Nikamuuliza huyu ni nani.

"Mhusika msaidizi."

"Kafanya nini?"

Akaitazama karatasi. "Hawajaandika, kaka."

Basi nikamsimulia: karani wa serikali katumwa kuhesabu watu kijijini, kahesabu kidogo, kapenda sana, katoroka na binti wa watu, na baba mtu kateketeza takwimu zote. Mashine ilikaa bure muda huo wote na hakuna aliyenung'unika kwenye foleni. Mwingine akauliza kama kitabu chenyewe kinapatikana.

Mwanafunzi wa namna hiyo akisema kitabu kimezeeka, amekiona wapi?

Walimu najua mna silabasi ya kumaliza na mtihani wa taifa unawasubiri. Hata hivyo, tamthilia imeandikwa ichezwe. Toeni vipindi viwili tu, mmoja awe Ngoswe, mwingine Mazoea, na mwalimu mwenyewe akubali kuwa Mitomingi. Maswali ya wahusika hayatawasumbua tena. Na nakala zilizofungiwa kabatini ziruhusiwe kwenda nyumbani likizo ya Desemba, wakati Wachaga tumerudi kutoka kila kona na nyumba zimejaa wasikilizaji. Zikirudi na alama za mafuta ya ndizi na nyama, zipokeeni hivyohivyo.

Kuhusu mapato yangu ya kopi msiwe na wasiwasi. Barua za maombi ya kazi hazijapungua.

Mtoa kopi,
Moshi