Kabla ya kulipia tairi la pikapu, soma ubavuni

Mhariri,

Mvua zikikaribia, maduka ya matairi hujaa wenye pikapu, na swali la kwanza pale kaunta ni lile lile: "Kumi na saba mnauzaje?" Muuzaji anataja bei, mteja anabonyeza kashata, vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara, kwa kidole gumba, wanapunguziana kidogo, biashara imekwisha. Hakuna aliyeuliza tairi hilo linabeba kilo ngapi. Kumi na saba ni kipenyo cha rimu kwa inchi, basi. Haikwambii kama tairi limetengenezwa kwa gari la kupeleka watoto shule au la kuteremsha viazi kutoka Njombe.

Naomba nafasi nieleze kinachoandikwa ubavuni, maana kiko wazi kwa yeyote mwenye macho na ndicho kinachorukwa.

Chukua 265/65R17 112S, saizi ambayo Hilux nyingi za fobaifo, yaani zinazovuta kwa magurudumu yote manne, hutoka nayo kiwandani. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 172 hivi. R ni radial, lile ambalo mitaani tunaliita tairi la waya. Wengi husoma mpaka 17 wakaacha, na kilichobaki ndicho kinachobeba mzigo. 112 ni namba ya jedwali la kimataifa: tairi moja, likiwa na upepo wake kamili, linabeba kilo 1,120. S ni kasi, kilomita 180 kwa saa, na kwa pikapu hilo halina haja ya kukuumiza kichwa.

Namba za jedwali hudanganya jicho kwa sababu zinapanda kidogo kidogo huku kilo zikipanda haraka. 100 ni kilo 800. 104 ni 900, 108 ni 1,000, 110 ni 1,060, 116 ni 1,250, na 121 ni 1,450. Sasa tazama pikapu za rimu 15. Rafu moja inaweza kuwa na matairi mawili ya 225/70R15, kashata karibu zinafanana. Moja limeandikwa 100, jingine lina herufi C baada ya 15 na namba 112/110. La kwanza ni la gari dogo, kilo 800. La pili ni la gari la mizigo, kilo 1,120 likiwa peke yake upande mmoja, na 1,060 yakifungwa mawili mawili nyuma. Kwa ekseli ya nyuma tofauti ni kilo 640. La kwanza ni rahisi kidogo, na ndilo linaloondoka haraka.

Ukitaka kujua unahitaji namba gani, usikisie. Pakia kama unavyopakia siku zote, nenda kwenye mizani, panda kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Ikisoma kilo 1,900, kila tairi la nyuma linabeba 950. Ongeza asilimia 15, kwa kuwa mzigo haukai sawa pande zote na kila shimo hugonga tairi kwa nguvu zaidi ya uzito uliolala. Unafika karibu 1,093, kwa hiyo tafuta 112 au zaidi. Mizani ikiwa mbali, hesabu magunia, lakini hesabu ukijua lumbesa ni nini: ni gunia lililojazwa kupita kipimo, na magunia kumi ya lumbesa hupita tani moja. Kumbuka pia kwamba gunia lililoning'inia nyuma ya ekseli, mlango wa bodi ukiwa umelazwa, hulemea ekseli ya nyuma kuliko uzito wake wenyewe, kwa sababu linainua pua ya gari na kuhamishia nyuma sehemu ya uzito wa mbele.

Tairi lililozidiwa halipasuki papo hapo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ubavu hujikunja kupita kiasi katika kila mzunguko, kujikunja huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa raba na waya zilizo chini ya kashata. Utaona nundu ndogo, au usukani utatetemeka kwenye kasi fulani kana kwamba balansi imeharibika. Fundi atagonga risasi za balansi mara mbili, mara tatu. Kisha siku moja mchana, lami imechemka, kashata inabanduka nzima na kupiga bodi.

Herufi HT, AT na MT zinajulikana zaidi, nami sitakaa hapo sana. HT ni ya lami. AT ni ya mchanganyiko, na kwa pikapu inayotoka mjini kwenda shamba kwa barabara ya changarawe ndiyo ninayoipendekeza karibu kila mara, mradi namba ya mzigo inatosha. MT, yenye kashata nene na mapengo mapana, ina faida ya kweli kwenye tope zito jeusi la mbuga, lile linaloziba AT likaiacha laini kama mche wa sabuni. Mapengo ya MT hulirusha tope gurudumu linapozunguka. Ila kwenye lami iliyolowa MT inashika vibaya kuliko AT, inavuma, inakunywa mafuta na kuisha mapema. Anayefunga MT kwa ajili ya sura kisha akashinda kwenye foleni ya barabara ya Mandela, Dar es Salaam, hiyo ni hela yake. Mchanga wa pwani nao haudai kashata kubwa. Hudai kupunguza upepo hadi psi 18 au 20, kwenda taratibu, na kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Kuongeza saizi nako kuna hesabu yake. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. Ukifunga 265/70R17 unapata 803, zaidi ya asilimia tatu. Spidomita ikisoma 80, wewe uko karibu 83, gia ya kupandia mlima imekuwa ndefu kidogo, na tairi linaweza kukwaruza fenda ukikata kona huku springi zimebonyea. Anayetaka ubavu mrefu zaidi kwa barabara mbovu bila kubadili kipenyo anaweza kwenda 245/75R16: milimita 774. Lakini kwanza ahakikishe rimu ya 16 inapita juu ya breki zake za mbele, kwani si kila toleo la gari linaikubali.

Kwa magari ya fobaifo ya kuchomeka, ambayo dereva huiingiza mwenyewe anapoihitaji, kama Hilux na Land Cruiser mkonga, matairi yote manne lazima yawe ya kipenyo kimoja, na uchakavu usipishane sana. Ukichomeka fobaifo, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Matairi ya mbele yakiwa madogo, yanataka kuzunguka mara nyingi zaidi ya ya nyuma, hayaruhusiwi, na mvutano unaishia ndani ya gia boksi. Dalili yake ni gari kuwa zito na fobaifo kugoma kutoka. Spea nayo iwe saizi hiyo hiyo, isiwe lile tairi la zamani lililobaki.

Umri husomeka pia. Tafuta herufi DOT, na mwisho wa mstari huo tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, na lililokwisha kufungwa huweza kuwa limezigeuzia ndani, kwa hiyo angalia kabla halijaingia kwenye rimu. Lililopita miaka sita likaguliwe kwa makini hata kama kashata ni mpya. Lililopita kumi lisipande barabarani kabisa. Raba huzeeka ikiwa stoo, na huzeeka vibaya zaidi ikipangwa juani mbele ya duka. Kunja ubavu kwa mkono: mipasuko midogo kama ya tope lililokauka maana yake mafuta ya raba yamekwisha.

Kuhusu mitumba, kuna aina moja inayopendwa kwa kosa. Magari na matairi yanayotoka Japani huja mengine na neno STUDLESS ubavuni, wakati mwingine pamoja na alama ya chembe ya theluji ndani ya mlima. Hayo ni matairi ya baridi. Kashata zake ni nyingi, zina mikato myembamba kama ya wembe, na raba ni laini mno, mteja anabonyeza, anaona inaingia, anasema "mpira huu mzuri." Ulaini huo umetengwa kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya Dodoma au ya Moshi ya nyuzi 30 na zaidi, kashata zinayumba chini ya mzigo, gari linaelea kwenye kona, na raba inaliwa kama kifutio.

Kingine ni tairi lililochongwa. Kipara kinachongwa upya kwa kisu cha moto, kinapakwa rangi nyeusi, kinasimamishwa kando ya barabara kikiwa kinang'aa. Tairi linaloruhusiwa kuchongwa huandikwa REGROOVABLE, nalo huwa la lori au basi, lenye raba ya akiba chini ya mifereji. La pikapu halina akiba hiyo. Litambue kwa vinundu vya kipimo cha uchakavu: kiwandani huwekwa ndani ya mfereji, na kashata ikifikia usawa wake imebaki milimita 1.6. Ukikuta mifereji mirefu isiyo na kinundu hata kimoja, kingo zake zimekwaruzika, na chini unaona uzi au waya, ondoka.

Nyongeza fupi kwa mafundi pancha, ndugu zetu. Kuingiza tyubu kwenye tairi la tubeless (lisilohitaji tyubu) linalovuja ni kununua muda kwa bei mbaya: tyubu husuguana na tairi kwa ndani, hupata joto, na ikitoboka upepo hutoka wote kwa mkupuo badala ya kuvuja polepole. Tundu la msumari lisilozidi milimita 6, lililo katikati ya kashata, linazibwa kwa kiraka cha ndani chenye shina. Lililo ubavuni halizibwi.

Upepo fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na soma mistari yote miwili, wa gari tupu na wa gari lenye mzigo, kama ipo. Kikiandika kPa, kila 100 ni psi 14.5, kwa hiyo 240 ni psi 35. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima barabarani na kuona psi 4 au 5 zimezidi usizitoe, hilo ni joto. Kuna jambo hapa ambalo hata wauzaji wengi hawalitaji. Aliyetoka kwenye tairi la kawaida akahamia la C hawezi kubaki na upepo ule ule akitegemea mzigo ule ule, maana ubavu wa C umeundwa kufanya kazi kwa upepo mwingi zaidi. Kiwango cha juu kabisa kimeandikwa ubavuni, na kikizidi psi 65 valvu ya kawaida ya raba haifai. Dai ya chuma.

Pesa zikitosha matairi mawili tu, kwa gari lisilo la fobaifo mapya yaende nyuma. Najua wengi hupeleka mbele kwa ajili ya usukani. Mbele ikiteleza unahisi mikononi na kupunguza mwendo; nyuma ikiteleza kwenye lami iliyolowa, pikapu tupu inageuka kabla hujajua kinachoendelea.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Risiti nyingi huandika "tairi 17 x 4" na bei. Ziandike saizi nzima, namba ya mzigo na zile tarakimu nne za DOT kwa kila tairi. Ni mstari mmoja wa kalamu. Mteja akirudi na nundu baada ya miezi miwili, pande zote mbili zitajua tairi gani liliuzwa, na muuzaji aliyemtahadharisha mteja kwamba 100 haibebi magunia atakuwa na ushahidi wake. Mteja naye akikuta risiti haina namba hizo, amkabidhi muuzaji kalamu kabla matairi hayajafungwa, maana yakishafungwa na DOT ikaangalia ndani, itabidi jeki irudi chini ya gari.

Fundi wa matairi,
Morogoro