YAH: Malalamiko Kuhusu Kazi Yangu ya Usaili Kutumika Kwenye Programu Yenu ya Simu

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa walioomba nafasi ya mhandisi wa programu katika kampuni yenu ya habari, hapa Dar es Salaam. Usaili wa kwanza wa simu, na ule wa pili wa ana kwa ana, sina neno nao. Wahandisi wenu waliniuliza mambo ya maana, nikatoka pale naitamani kazi kwelikweli.

Shida ni hatua ya tatu. Nilitumiwa jaribio la kufanyia nyumbani, siku nne. Nilitakiwa kutengeneza sehemu ya kusomea habari kwa simu za Android za bei nafuu: picha zipunguzwe uzito kwenye seva kabla hazijamfikia msomaji, habari alizokwisha kuzifungua zibaki kwenye simu hata bando likiisha, na matokeo ya mechi yajibadilishe yenyewe. Anayeijua kazi hii anajua kwamba hilo si jaribio, ni kazi kamili. Niliomba kwa mwajiri wangu likizo ya siku mbili bila malipo, na usiku wa siku zote nne nilikesha. Picha ya ukurasa wa mbele yenye zaidi ya megabaiti 2 niliishusha hadi kilobaiti 90, kwa kuigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lenye uzito mdogo, na kuilinganisha na upana wa kioo cha simu. Nilikuwa namfikiria mama yangu kule Newala, ambaye bando lake la siku huisha kabla hajamaliza kusoma habari tatu.

Nikatuma. Mkajibu kwamba mmepokea. Kisha kimya. Niliandika barua pepe mbili, nikapiga simu, mapokezi wakasema nitajulishwa. Huu ni mwezi wa nne tangu nitume.

Mwezi uliopita mlitoa toleo jipya la programu yenu. Nilikuwa kwenye daladala, mtandao ukakata tulipofika Ubungo, na kwenye kioo yakatokea maneno haya: "Mtandao umeyumba kidogo, habari ulizozifunguwa bado unazo." Sentensi hiyo niliiandika mimi, saa nane za usiku, nimechoka, ndiyo maana "ulizozifunguwa" ina w isiyotakiwa. Mmeichukua na kosa lake.

Ndugu Meneja, chini ya kila picha mnayochapisha mnaandika jina la aliyeipiga. Mnajua thamani ya kazi ya mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi mengine, na mimi sikuwa mwajiriwa wenu, wala hatukusaini mkataba wowote. Siku ya usaili wa pili tulikuwa sita kwenye chumba cha kusubiria. Wale watano nao walipewa sehemu gani ya kujenga?

Naomba nilipwe kwa siku nne hizo kwa kiwango mnachowalipa wahandisi wenu, au kazi yangu iondolewe kwenye programu. Naomba pia jibu la maombi yangu; hata "hapana" nitaipokea. Na kama sikupata nafasi, nakala ya kitambulisho changu cha NIDA, vyeti na hati ya mshahara mlivyovitaka tangu mwanzo vifutwe, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami nithibitishiwe kwa maandishi.

Nimeambatanisha msimbo wote pamoja na kumbukumbu za Git zinazoonyesha tarehe na saa ya kila badiliko, na picha ya kioo cha simu yangu siku ile ya Ubungo. Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Nisipolipata, suala la kazi yangu nitalipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na la taarifa zangu kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msailiwa, nafasi ya mhandisi wa programu
(Jina na namba ya simu vipo kwenye faili la maombi yangu)