Koti lako lina udi

Mdogo wangu,

Umenitumia picha ya kile kichupa cha harufu ya msonobari ulichonunua, ukauliza kama kitatosha kumpoteza kulungu maboya. Nakujibu hapa hadharani, maana wapo wengine huku Marekani wanaoanza kuwinda na wana swali hilohilo.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye vilima vya Pennsylvania nilitundika koti la kuwindia kabati moja na kanzu zangu. Siku ya siku, niko juu ya mti na upinde, jike mmoja akaja taratibu hadi hatua kama arobaini. Akasimama. Akainua pua, akapiga ukwato wa mbele chini mara mbili, akapuliza pumzi kwa kishindo, na mkia mweupe huo ukapotelea msituni. Niliposhuka nikanusa mkono wa koti: udi mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu hapo nafanya kama mama zetu walivyofanya na mkadi na asumini kwenye sanduku la nguo. Nafua kwa sabuni isiyo na manukato, naanika nje, kisha nafungia nguo kwenye kasha la plastiki pamoja na matawi ya hemloki. Utaujua mti huo kwa sindano zake fupi bapa. Zigeuze, chini zina mistari miwili myeupe. Kabla ya kupanda nafikicha konzi moja viganjani na kujipaka shingoni na kwenye viatu. Nachagua hemloki kwa sababu ndiyo inayoota pale ninapokaa. Ukinuka msonobari katikati ya mialoni mitupu, umejitangaza upya. Hiyo ndiyo kasoro ya kichupa chako.

Lakini usifikiche usichokijua. Kuna mtambaa wa majani matatu matatu ambao mafuta yake huwasha na kutoa malengelenge, na hata majani yakishapukutika, shina bado lina sumu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Jani halimfichi mtu. Jasho lenyewe halinuki sana. Vijidudu vya ngozini ndivyo vinavyolinukisha, navyo havipumziki wakati unapanda kilima. Kwa hiyo nenda polepole, koti libebe begani, livae ukishafika.

Kinachokuficha hasa ni upepo. Sisi watu wa pwani tumekua tukisikia joshi, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea: kulungu awe joshini, wewe demani. Ila vilimani upepo una tabia zake. Jua likipasha mteremko asubuhi, hewa hupanda. Jioni ikipoa, huteleza bondeni kama maji. Mimi hutembea na sufi ya mmea mmoja wa huku wenye utomvu mweupe kama maziwa. Naachia unyuzi mmoja, naufuata kwa macho hadi upotee, na mara nyingi unageuka pale nisipodhani. Chukua maganda yaliyokauka tu, mmea uache, maana viwavi wa vipepeo fulani wa huku hawali kingine.

Haya yote ni ili afike karibu, hatua ishirini au chini, mshale umwangushe mara moja asiende kuteseka vichakani.

Nakuja Ijumaa usiku na sufi ya kututosha wawili. Koti lako litoe kabatini leo hii, ulianike nje, na Jumamosi tusipitie kituo cha mafuta.

Kaka yako