Dirisha la magharibi linawaoka wapangaji

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mawe hapa Kayole. Kila ninapoitwa kujenga, mwenye ploti huanza na swali moja: vyumba vingapi vitaingia? Upande wa jua hakuna anayeuliza. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hivyo jua huchomoza mashariki, hupita karibu utosini na kutua magharibi mwaka mzima. Dirisha likiangalia magharibi, mpangaji anaokwa kila jioni. Likiangalia kaskazini au kusini, na juu yake kukiwa na kivuli kifupi cha zege, chumba hupata mwanga bila joto kali. Kuligeuza kwenye ramani hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji!

Lakini jirani akipandisha ghorofa hadi ukutani mwako, dirisha lako ni la nini? Kule Pipeline, mtaa wa Nairobi wenye maghorofa yaliyobanana, watu huwasha taa mchana. Kaunti isiidhinishe ramani ya ploti moja moja tu. Itazame mtaa mzima: hewa ipite wapi, mtoto atembee wapi akienda shule, mama mboga aweke meza wapi. Na maji ya masika, yanayomwagika barabarani huku wapangaji wakinunua mitungi, mwenye nyumba aweke mifereji ya paa na tangi la kuyakinga kabla hajaruhusiwa kuingiza watu.

Fundi wa mawe,
Kayole, Nairobi